Bahasha zina muhuri, mfumo hauzitaki: barua za mapendekezo za LLM siku hizi

SWALI: Wakili, salaam. Nilihitimu LLB, shahada ya kwanza ya sheria, miaka mitatu iliyopita, nikapita LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, na sasa niko katika kampuni ndogo ya mawakili hapa Arua. Nataka kuomba LLM, shahada ya uzamili ya sheria, Marekani na Uingereza. Nilipohitimu, mhadhiri aliyenisimamia tasnifu alinipa barua tatu za mapendekezo, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri wa idara. Nimezitunza mpaka leo. Sasa naona vyuo havina hata mahali pa kuzipokea: vinataka imeli ya mhadhiri, halafu naulizwa kama naacha haki yangu ya kuisoma barua. Mhadhiri mwenyewe amestaafu, imeli ya chuo hana tena. Bosi wangu amesema niandike mwenyewe, yeye atasaini. Mkuu wa shule ya sheria ana jina kubwa lakini hanijui. Nishike lipi? Halafu mdogo wangu yuko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na anataka kusoma LLB Uingereza. Kwake mambo ni hayo hayo?

JIBU: Dada yangu, kwanza zile bahasha usizifungue wala usiziskani. Ukizifungua umeondoa kitu pekee kilichozipa thamani, na ukipakia barua hizo mwenyewe kwenye mfumo utakuwa umejiweka pabaya kuliko mtu asiye na barua kabisa. Ziache kabatini. Kinachotakiwa ni kumrudia aliyeziandika, na hilo si gumu kama unavyodhani.

Kilichobadilika ni njia ya barua. Zamani ilipita mikononi mwa mwombaji, kwa hiyo ilibidi kuwe na alama kwamba hakuichungulia: gundi, saini juu ya mdomo wa bahasha, muhuri. Leo haipiti kwako hata kidogo. Inatoka kwa aliyeiandika, inaingia kwenye mfumo, chuo kinaisoma. Najua kwetu Uganda karatasi isiyo na muhuri ni kama haijazaliwa, lakini ofisi ya udahili ya Marekani haiutafuti muhuri. Inatafuta saini, karatasi yenye nembo ya taasisi, cheo cha mwandishi, tarehe ya karibuni, na dalili kwamba barua imetoka kwake kweli. Hata kama bahasha zako zingepokelewa, barua ya miaka mitatu iliyopita ingezua swali: huyu mhadhiri bado anasema hivyo?

Kwa Marekani, vyuo vingi vya sheria hupokea nyaraka za LLM kupitia LSAC, chombo kilichoanzishwa mwaka 1947 chenye makao yake Newtown, Pennsylvania. Watu wengi wanakijua kwa sababu ya mtihani wa LSAT, na sikosi kukutana na wakili kijana aliyekwisha kununua vitabu vya LSAT akidhani ni lazima. Si lazima kwako. LSAT inawahusu wanaoomba JD, ile shahada ya miaka mitatu ambayo Mmarekani huisoma baada ya digrii yake ya kwanza. Wewe una LLB, unaomba LLM. Unachohitaji LSAC ni huduma yake ya kukusanya nyaraka: transkripti kutoka chuo chako na barua kutoka kwa wapendekezaji wako. Vyuo vingine vina mifumo yao wenyewe, kwa hiyo soma ukurasa wa udahili wa kila chuo kabla hujalipa pesa yoyote.

Ndani ya mfumo mambo huenda hivi. Unafungua akaunti, unaandika jina na imeli ya mpendekezaji, unaipa barua jina la kukusaidia kuitambua, kisha unaipangia chuo au vyuo vitakavyoipata. Mfumo unamtumia mpendekezaji ujumbe wenye kiungo. Anapakia barua yake iliyosainiwa, inakaguliwa, inaungana na faili lako. Kuna barua ya jumla, inayofaa chuo chochote, na kuna barua iliyoandikwa kwa ajili ya chuo kimoja tu. Hapa ndipo jina ulilolipa barua linapokuokoa, maana barua inayosema "namwombea nafasi Columbia" ikitua mezani pa NYU, hakuna maelezo yatakayoirudisha.

Watu huanguka mahali pawili. Mmoja barua yake imefika salama, lakini hakuipangia chuo, basi inakaa kwenye mfumo kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni na chuo hakijui kama ipo. Mwingine ujumbe wa LSAC uliingia kwenye spamu ya mhadhiri. Mhadhiri anadhani umebadilisha nia, wewe unadhani amekupuuza, mnaoneana aibu kuulizana, na siku zinakwenda. Ukishabonyeza kutuma, mpigie simu siku hiyo hiyo: "Profesa, kuna ujumbe umekuja kutoka LSAC, naomba uangalie na kwenye spamu." Hiyo si kumsumbua.

Sasa kuhusu kilichomo ndani ya barua, maana hapo ndipo waombaji wetu wanapopoteza nafasi zaidi kuliko kwenye mifumo.

Barua tunayoijua sana Uganda ni ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Unakwenda kwake unapotaka pasipoti, unapomtolea ndugu dhamana, unapofungua akaunti benki. Anaandika kwamba anakufahamu kuwa mkazi wa kijiji chake, una tabia njema, naye yeyote atakayekusaidia atashukuriwa. Inafanya kazi yake vizuri: inathibitisha kwamba upo na huna matata. Wahadhiri wetu wengi, bila kukusudia, huandika barua za LLM kwa mtindo huo huo. "Namfahamu mwanafunzi huyu tangu alipojiunga. Ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye nidhamu. Nampendekeza bila kusita." Anayeisoma Chicago au London hajajua lolote ambalo transkripti haijamwambia. Wala si kosa la wahadhiri. Mfumo wetu wa kuingia shule ya sheria hautegemei barua. Makerere unakaa mtihani wa kuingilia, alama zinaamua. Mhadhiri hajawahi kuhitaji barua kama hizo kwa kazi yake ya udahili, kwa nini awe bingwa wa kuziandika?

Barua inayosaidia ina tukio ndani yake. Mfano, kwa mtu kama wewe: "Nilimfundisha Sheria ya Ardhi, darasa la watu zaidi ya mia moja. Katika insha yake alidai kwamba Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995, inayotambua umiliki wa kimila pamoja na ule wa mailo, frihodi na lizi, haijawasaidia sana wajane wa West Nile kwa sababu ukoo ndio unaoshika kumbukumbu. Nilimrudishia nikimwambia hoja ni nzuri lakini ushahidi ni mchache. Alikwenda kijijini likizoni, akakaa na wazee, akarudi amebadilisha nusu ya hoja yake kwa sababu aliyoyakuta hayakulingana na aliyoyaandika. Wanafunzi wanaokubali kubadilishwa na ushahidi ni wachache. Katika miaka niliyofundisha somo hili namweka miongoni mwa watano wa juu." Angalia kwamba hakuna neno "mchapakazi" hata mara moja. Na kuna mlinganisho na wenzako, kitu ambacho Wamarekani wanakitafuta sana na sisi tunakionea haya.

Jambo dogo ambalo mpendekezaji anaweza kulisema na wewe ukilisema utaonekana unajitetea ni alama. Makerere na vyuo vingi vyetu hutumia kipimo cha 5.0, ambapo daraja la kwanza huanzia 4.40. Marekani wamezoea 4.0. Msomaji akiona 3.9 juu ya 5 anaweza kukuona wa kawaida, wakati hiyo ni daraja la pili la juu, na daraja la kwanza katika sheria kwetu halitoki kama njugu. Sentensi moja ya mhadhiri kuhusu hilo inatosha.

Tukija kwa bosi wako. "Andika mwenyewe nitasaini" ni jibu la kila siku katika ofisi zetu, na mara nyingi mtu hasemi kwa ubaya, ana kesi tatu mahakamani asubuhi hiyo. Lakini mimi nakuambia usikubali, na sababu yangu ya kwanza si ya maadili. Ni kwamba utaandika vibaya. Mtu akijisifu kwa jina la mwingine huwa ama mnyonge kupita kiasi au tarumbeta, na msomaji mwenye maelezo yako binafsi upande huu na barua ya bosi upande ule ataona mkono ni mmoja: sentensi zinazoanza namna ile ile, msamiati ule ule. Siku hizi kuna na hawa wanaomwachia programu ya akili mnemba iandike barua zote mbili, zikatoka zinafanana kama sare za shule. Sababu ya pili ni ya maadili na ni nzito kwa wakili. LSAC ina kanuni juu ya udanganyifu katika maombi, na ikithibitika umekiuka, taarifa inakwenda kwa vyuo. Ukija kutaka kufanya mtihani wa uwakili New York baadaye, utaulizwa juu ya mwenendo wako. Na kwetu pia Law Council, chombo kinachosimamia mawakili, haina mzaha na mambo ya nyaraka.

Badala ya barua, mpe bosi ukurasa mmoja wa kumkumbusha. Usiweke sifa, weka mambo: kesi gani mlifanya pamoja, mwezi gani, wewe ulifanya nini hasa. Kama ni ule mgogoro wa mpaka wa shamba, mwandikie kwamba ni wewe uliyekwenda kuhoji majirani kwa Kilugbara na Kiswahili, ukachora ramani kwa mkono, ukagundua kwamba ardhi ni ya kimila na hati aliyokuwa nayo upande wa pili haikuwa na mashiko chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998. Ongeza unachotaka kusoma na kwa nini, tarehe za mwisho, na majina ya vyuo. Halafu kama kweli hana muda wa kukaa na kompyuta, mwombe arekodi mawazo yake kwa sauti kwenye WhatsApp akiwa njiani kwenda mahakamani, amtumie karani wake achape, yeye asome, arekebishe, asaini. Nimeona barua nzuri zikipatikana hivyo. Mtu akizungumza husema mambo ambayo asingeyaandika: "huyu msichana alinizuia nisiwasilishe ombi lenye kosa." Hiyo ndiyo barua.

Mkuu wa shule mwenye jina kubwa mwache. Najua ushauri wa wazee ni kutafuta mtu mkubwa, jaji, mbunge, mkuu wa chuo, na katika mambo mengi ya Uganda ushauri huo una akili. Hapa hauna. Barua ya jaji inayosema "nimeelezwa kwamba ni mwanafunzi bora" inamwambia msomaji kwamba una mjomba. Ni tofauti kabisa kama ulikuwa karani wa utafiti wa jaji huyo na alisoma kazi yako kila wiki. Hapo mchukue bila kusita.

Mhadhiri aliyestaafu ndiye nguzo yako, kwa sababu ndiye aliyesoma tasnifu yako sura kwa sura. Kustaafu kwake si kasoro. Tatizo ni imeli tu, maana Yahoo au Gmail yeyote anaweza kufungua kwa jina lolote, na vyuo vingi, hasa vya Uingereza, huomba anwani ya kazini ili vijue vinazungumza na nani. Anza kwa kumwuliza kama chuo chake cha zamani kinaweza kumrudishia anwani au kama akaunti bado ipo. Wastaafu wengi bado wanafundisha kozi moja moja au kusimamia wanafunzi wa uzamili, na hao huwa na anwani. Ikishindikana, atumie yake binafsi lakini barua yenyewe ijieleze: alikuwa nani, idara gani, kuanzia mwaka gani hadi gani, alikufundisha nini, na namba ya simu ya kumpata. Kama fomu ina nafasi ya maelezo, andika kwa ufupi kwamba amestaafu. Kama bado una wasiwasi, wasiliana na ofisi ya udahili uwaulize wanapendelea nini. Wanajibu, na kuuliza hakukupunguzii kitu.

Kuhusu kuacha haki. Najua kwa wakili maneno hayo yanawasha. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za elimu. Angalia mipaka yake: haki hiyo ni ya mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa katika chuo hicho. Mwombaji aliyekataliwa hapati kwayo barua yoyote. Na chuo hakiruhusiwi kukudahili kwa sharti kwamba uache haki hiyo, kwa hiyo chaguo ni lako kweli. Mimi nakushauri uiache. Ukiishikilia, faida yako ni kuja kusoma, ukiwa tayari umeshaingia, barua ya mtu uliyemchagua mwenyewe kwa sababu anakusifu. Hasara ni kwamba msomaji anaona kisanduku kile na anajiuliza kama mwandishi aliandika akijua utaisoma. Wahadhiri wengine nao hukataa kuandika kabisa wakiona hujaacha. Kuacha haki hakumzuii mhadhiri kukuonyesha barua kwa hiari yake. Kunakuzuia wewe kuidai. Asipokuonyesha, usimwombe. Kama huna imani na atakachoandika, dawa ni kubadilisha mpendekezaji, si kukataa kisanduku.

Uingereza kwa LLM hakuna chombo kimoja kinachofanana na LSAC. Kila chuo kina fomu yake, na mfumo humtumia mpendekezaji ujumbe ukishajaza anwani yake. Idadi zinatofautiana. Cambridge kwa LLM wanataka wawili wa kitaaluma, Oxford kwa BCL, shahada yao ya uzamili ya sheria, wanataka watatu na wanapenda wawe wahadhiri. Kwa hiyo bosi wako anaweza kufaa Marekani akawa wa ziada Oxford. Itabidi utafute mhadhiri wa pili na wa tatu sasa, si Novemba. Fikiria aliyekusimamia katika mashindano ya kesi za mfano, au yule wa kliniki ya msaada wa sheria. Hao wanakukumbuka kwa sura, wakati mhadhiri wa Mikataba mwenye darasa lililojaa mpaka madirishani anakujua kwa namba ya mtihani.

Na ikiwa unafikiria Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, jua kwamba nao wamesogeza hatua ya barua: huzihitaji unapotuma maombi, unazileta ukiitwa kwenye usaili. Watu hufurahi wakisikia hivyo kisha wanakurupuka usaili ukifika. Wapendekezaji wako wawe wanajua mapema.

Kalenda. Vyuo vikubwa vya Marekani hufunga kati ya Desemba na Februari, na Desemba kwetu wahadhiri wamezama kwenye kusahihisha mitihani ya muhula wa kwanza. Zungumza nao Septemba, watumie ukurasa wako wa kumbukumbu, na ujumbe wa mfumo uwafikie kabla ya katikati ya Oktoba. Saa ya mwisho ikiandikwa 11:59 usiku ya Mashariki ya Marekani wakati wa baridi, kwa Arua ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku inayofuata. Hiyo isikudanganye kwamba una usiku mzima wa ziada. Umeme una mambo yake, na intaneti pia: Januari 2021 ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Mtu aliyepanga kutuma wiki hiyo hakuwa na wa kumlalamikia.

Mdogo wako yuko kwenye njia nyingine kabisa. LLB ya Uingereza huombwa kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, na kule barua ndefu ya sifa imeondolewa. Kuanzia waombaji wa kuingia chuo 2024, marejeo ya UCAS, yaani maelezo ya shule juu ya mwombaji, yamegawanywa sehemu tatu: shule inajieleza yenyewe na mazingira yake, kisha inataja jambo lolote lililoathiri masomo ya mwanafunzi, kisha jambo lingine linalomhusu yeye na kozi anayoiomba. Sehemu ya kwanza ni nafasi nzuri kwa shule ya Arua ambayo Mwingereza hajawahi kuisikia: wanafunzi wangapi darasani, maktaba ikoje, S6 ya huko hufanya vipi kwenye UACE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ya pili inafaa kwa mambo ya kweli kama ugonjwa au shule kufungwa, si kwa kuombea huruma. Maelezo binafsi nayo, kwa wanaoingia 2026, yamekuwa maswali matatu badala ya insha moja. Na kwa kuwa matokeo ya UACE hutoka baada ya maombi kutumwa, shule italazimika kukadiria alama zake, jambo ambalo walimu wakuu wengi hawajawahi kuombwa. Akitaka Oxford au Cambridge, tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba, kwa hiyo mwalimu mkuu aambiwe muhula wa pili ukiwa bado unaendelea, na aonyeshwe hizo sehemu tatu zilivyo ili asije akaandika barua ya LC1.